Boti Chini ya Migomba

Bibi yangu mzaa baba ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kumiliki sufuria. Kabla ya hapo tulipikia vyungu. Sufuria hiyo aliletewa na mjomba aliyekuwa mpishi wa wazungu, na majirani walikuja kuitazama kama watu wanavyokuja kumwona mtoto mchanga. Bibi hakuipikia. Aliisugua kwa majivu na mchanga wa mfongo, yaani ule mfereji wa maji uliochimbwa na mababu, unaoshuka kutoka msituni na kupita mashambani kwetu huku Marangu, kisha akaitundika mbele ya nyumba ili jua liipige.

"Mama, unapika jua?" jirani mmoja akamwuliza.

"Napika wivu wako," bibi akajibu. "Unakaribia kuiva."

Basi aliisugua miaka na miaka mpaka ikatoboka bila kuchemshiwa hata ndizi moja. Mtu wa kijijini akaiziba kwa kipande cha shaba, ikatoboka tena, safari hii pembeni ya kiraka. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu, kijana mzima sina kazi. Bibi akanipakia juu ya magunia ya kahawa kwenye lori, sufuria mapajani, akaniambia nimtafute fundi bati wa Majengo, mjini Moshi.

Nayasimulia haya kwa sababu vijana mnaniuliza niliianzaje kazi, na kweli sikuianza mimi, iliianza ile sufuria.

Fundi Mkuu, maana hakuna aliyemwita jina lingine, alikuwa mzee wa kofia ya kufuma, kibanda chake nyuma ya msikiti. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Nani ameiua sufuria hii?"

Nikamwambia haikuuawa, imezibwa. Akachukua msumari, akakwangua ukingo wa kiraka. Ukadondoka unga mweupe, laini kama wa muhogo.

"Hiyo ndiyo maiti yake," akasema. "Sikiliza. Shaba na alumini ni wake wenza. Nyumba ikiwa kavu, wanavumiliana. Maji yakiingia, shaba atamla mwenzake kidogokidogo mpaka ammalize, na wewe huku nje huoni kitu. Alumini huzibwa kwa alumini. Umesikia, mtu wa mlimani?"

Nikasema nimesikia. Akanipa nyundo ya mti niinyooshe midomo ya debe huku nikisubiri. Jua lilipoinama akaniuliza kama kesho nitakuja. Nikasema nitakuja. "Basi sufuria ibaki hapa," akasema, "Wachaga nawajua, mkisharudi mgombani hamtoki." Bibi aliingoja sufuria yake mwezi mzima, na mimi nilikaa pale miaka kumi na kitu.

Kwa Fundi Mkuu nilijifunza ribiti. Ribiti ni kama msumari mfupi wa kichwa cha duara. Unaupenyeza kwenye mabati mawili, mmoja wenu anashikilia fuawe, kile chuma kizito, upande wa kichwa, mwingine anaugonga mkia mpaka uvimbe na kuwa kichwa cha pili. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja akiwaza mambo yake, ribiti inakaa upande. Nilijifunza pia kulainisha alumini. Alumini haibadiliki rangi ikipata moto, inakudanganya mpaka inayeyuka. Kwa hiyo unaipaka sabuni ya kipande kwanza, unaipasha taratibu, na sabuni ikigeuka nyeusi unaondoa moto. Hapo inakunjika kama jani la mgomba lililobabuliwa.

Kutoka Majengo nilichukuliwa kwenye karakana ya mradi wa uvuvi, kule Bwawa la Nyumba ya Mungu. Yalikuwa yameletwa maboti ya alumini, na hakuna aliyejua kuyatibu. Mkuu wetu alikuwa Bwana Samaki, ndivyo maofisa wa uvuvi wanavyoitwa, mtu mwembamba aliyevaa soksi nyeupe katika vumbi lile. Alikagua kila ribiti kwa kidole.

"Fundi," alikuwa akisema, "gari likiharibika, dereva anashuka anakaa kivulini. Boti likiharibika, anashukia wapi?"

Tulikuwa tunamcheka mgongoni. Siku hizi simcheki.

Ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Madukani vikajaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau kama vipo, sabuni za kunukia, chupa za chai, mitumba ya kila rangi, na huku nyuma miradi ikaanza kufa mmoja mmoja. Bei ya kahawa nayo ikaanguka mpaka watu wakang'oa miti iliyowasomesha. Siku moja tukakusanywa tukaambiwa tumepunguzwa. Neno lenyewe lilinishangaza, kama sisi ni maji ndani ya ndoo. Bwana Samaki alinisindikiza mpaka lilipolala boti moja bovu, ubavu umebonyea, sakafu imepasuka, majani yameota katikati.

"Lichukue, nimekuandikia karatasi ya mhuri," akasema. "Ukiliacha hapa litayeyushwa liwe sufuria."

Nikalipandisha Marangu kwa lori.

Hapa lazima niseme habari ya ndugu yangu, ingawa ningependa kuiruka. Kwetu shamba la ukoo linaitwa kihamba, na desturi inajua vizuri jinsi ya kuligawa. Mtoto wa kwanza hupewa, na kitindamimba huachiwa nyumba ya baba. Wa katikati huambiwa akatafute. Mimi ni kitindamimba. Aminieli alikuwa wa katikati. Alitafuta kweli, alilima vibarua vya mpunga Mabogini, alibeba mizigo ya watalii mlimani mpaka kifua kikamkatalia, na kila Krismasi alikuja kulala kwangu, katika chumba alichozaliwa, kama mgeni. Hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo lilikuwa gumu.

Nikamwonyesha boti. "Kaka, hiki ndicho kihamba chako. Tukitengeneze, ukavue."

Akalizunguka, akaligonga kwa kidole. "Mdogo wangu, mimi sijui hata kuogelea."

"Ndiyo maana kuna boti."

Akacheka mpaka akakohoa.

Tuliliweka chini ya migomba karibu na mfongo. Watu wakawa wanapita makusudi kutoka kanisani kuliangalia. "Nuhu!" akaniita Mzee Ndeshi wa ng'ambo ya mfongo, "mvua lini? Unambie nimpandishe mbuzi wangu mapema!" Mwingine akauliza kama tutavua parachichi. Lakini walikaa, wakaletewa mbege, pombe yetu ya ndizi, na wengine wakashika kazi. Tulinyoosha ubavu kwa sabuni na moto. Ribiti za alumini zilikuwa hazipatikani Moshi nzima. Nikazikata mwenyewe kutoka kwenye waya mnene wa alumini niliotoka nao karakana. Aminieli alishika fuawe kwa ndani, mimi nikagonga kwa nje, na katikati ya nyundo na nyundo tuliongea mambo ambayo hatukuwahi kuongea tangu utoto. Sijawahi kufurahia kazi kama ile.

Boti hujaribiwa kwa kulijaza maji ndani na kuangalia yanapotokea nje. Sisi tulilifungulia mfongo. Mzee Ndeshi akaja mbio na jembe: "Hii ni zamu yangu ya maji! Mgomba wangu ufe kiu kwa ajili ya samaki ambaye hajazaliwa?" Lakini naye mwisho alipiga magoti akatafuta matone pamoja na sisi, na kila tone tukalizungushia chaki. Ubavuni palikuwa pakavu. Kwenye sakafu, ukingoni mwa mkuku, lile gongo la chini linalobeba boti zima, chaki zilipangana kama shanga. Ribiti za zamani zilikuwa zimelegea. Ilibidi zitolewe zote, karibu thelathini, na waya wangu wa alumini ulikuwa umekwisha.

Ilibaki wiki moja Krismasi ifike. Mchungaji alikwishaahidi kuja kuliombea boti, ukoo wote ungekuwepo, na Hamadi, mvuvi wa bwawani aliyekubali kumfundisha Aminieli uvuvi, alikuwa anakuja na lori la kulichukua. Nilizunguka Moshi siku mbili. Hakuna. Ningeweza kusema ngojeni. Lakini nilikuwa nimechoka kumwona kaka yangu akilala nyumbani kwangu kama mgeni, nilitaka apate mahali pake mbele ya watu wote, siku ile ile, na mimi nionekane ndiye niliyempa.

Stooni nilikuwa na waya wa shaba.

Siku hiyo Aminieli alikuwa ameshuka Mabogini kuwaaga wale aliolima nao mpunga. Nikamwita mke wangu ashike fuawe.

"Mbona hizi nyekundu?" akauliza.

"Chuma ni chuma, mama. Shika."

Akashika. Nikapiga thelathini, nikapaka lami juu yake, nikapaka rangi ya kijani tabaka mbili. Nilijiambia lami itazuia maji, na mwakani nitazibadilisha. Nyundo yangu ilijua. Shaba ukiigonga hulia tofauti.

Aminieli aliporudi akapitisha kiganja kwenye rangi. "Umemaliza peke yako! Ribiti zote za alumini?"

"Zote," nikasema.

Krismasi ile mchungaji aliomba, mama yetu akalimwagia boti mbege kidogo kwa siri mchungaji alipogeuka, na Hamadi, mtu mfupi mwenye mabega kama ya ng'ombe, akamwambia Aminieli, "Wewe kaa katikati tu, mwalimu ni mimi." Wakaenda. Wakaja samaki, perege wakavu ndani ya gazeti, kila mara kulipokuwa na mtu wa kuwapandisha Marangu. Mwaka uliofuata nilikumbuka zile ribiti, nikaahirisha. Nilikuwa nimefungua kibanda changu Majengo, kazi ilikuwa nyingi. Hicho ndicho ninachojiambia.

Mwaka wa pili, mwezi wa upepo, sakafu ilifunguka ukingoni mwa mkuku, wakiwa mbali na ufuko. Kulikuwa na dumu moja tupu. Hamadi alilisukuma kifuani mwa Aminieli. "Shika hili, mtu wa mlimani. Mimi najua maji." Alijua kweli. Nyavu ndizo zilizomkamata miguu. Walimpata siku ya tatu.

Nilishuka kambini kwa wavuvi. Hamadi alikwishazikwa. Boti lilikuwa limevutwa nchi kavu, limepinduliwa, na Aminieli alikuwa amechuchumaa karibu nalo akiwa na msumari. Alikwangua rangi, akakwangua lami. Kichwa cha kijani cha shaba, na kukizunguka, unga mweupe. Akaenda kwenye kingine. Na kingine. Alivikwangua vyote thelathini mbele yangu, na ule unga ukamjaa magotini. Mimi ndiye niliyekuwa nimemsimulia hadithi ya Fundi Mkuu na wake wenza, mara nyingi, tukiwa chini ya migomba.

Sasa mimi ni mzee, kibanda cha Majengo nimekifunga. Sikio la kulia limekufa kwa nyundo. Mnaniuliza kazi yetu ilikuwaje enzi hizo. Ilikuwa nzuri. Tulikuwa hatuna vitu, lakini tulijua kipi kinakaa na kipi, na aliyekufundisha alikuwa hai, unaweza kwenda kumwuliza. Mimi sikwenda kumwuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Kosa la fundi asiyejua husameheka, hata yule mtu aliyeiziba sufuria ya bibi nilimsamehe. Baada ya Hamadi niliendelea kuziba sufuria za watu miaka mingi, na kila ribiti niliigusa kwa kidole kama Bwana Samaki. Haikunisaidia kulala.

Nimalizie siku ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu mwanzo.

Aminieli alipanda Marangu mara moja tu baada ya msiba, kuchukua nguo zake. Nilikuwa nimejiandaa. Kwetu kuna isale, mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Mkosaji akikuletea jani la isale, umesamehe. Hata kama ameua, jani la isale halirudishwi, na wazee wanasema anayelikataa hujiletea laana. Nilikata jani kwenye mpaka wa baba, nikalifunga fundo, nikamsubiri mlangoni na mama akiwa amekaa kwenye kigoda.

Alitoka na fuko lake begani. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. "Kaka."

Alilitazama. Mkono mmoja ulikuwa kwenye fuko, mwingine akautia mfukoni mwa koti.

Mama akasema, "Aminieli, isale halikataliwi."

"Sijalikataa, mama. Sijalishika."

"Mpokee mdogo wako."

"Hili ni la mimi na yeye," akasema, polepole, kama anayepima ubao. "Hamadi utampelekea jani gani? Kwao hawana isale."

Mikono yangu ilibaki imenyooka, jani limening'inia. Akainama, akamshika mama miguu, akaniambia, "Ribiti za ubavuni zilikuwa nzuri," na hakusema kwa kejeli, nilimjua.

Kisha akapita kati ya migomba, palepale boti lilipokuwa, ambapo kwa ule moto na lami majani yalikuwa bado hayajaota. Akauruka mfongo. Mzee Ndeshi akamwita kutoka ng'ambo, "Wa majini, huagi?" Akainua mkono bila kugeuka. Akashika njia ya kushuka, na mpaka leo hajapanda tena.