Chupa zilizonyamazisha vumbi la kiwanda

Jicho la kulia limebanwa kwenye kioo cheusi, la kushoto limefumbwa. Ndani ya tanuri dogo la maabara joto limepita nyuzi 1,380, na kidonge cha kijivu, kikubwa kama punje ya haragwe, kinaanza kulegea.

"Sasa," anasema mwanamke huyo kwa sauti ndogo, na mkono wake unaandika bila yeye kuutazama. Kidonge kinajikunyata, kinakuwa nusu mpira, kisha kinatandazika chote. Anaandika tena: nyuzi 1,412.

Kidonge hicho ni mavi ya chuma, takataka inayoelea juu ya chuma kinapoyeyushwa. Mama huyu wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ana miaka tisa sasa akiyachoma na kuyatazama. Wenzake humwita Jicho.

"Mama mkwe wangu hajawahi kulitamka neno mavi mbele za watu," anasema akicheka. "Akiulizwa, anajibu kwamba mkwe wake yuko kwenye mambo ya joto."

Aliingia maabara na ufagio. Siku moja mtafiti mkuu, ambaye wote humwita Daktari, alimwomba aangalie tanuri wakati yeye anapokea simu. Aliporudi, mfagiaji alimweleza mambo matatu ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyaona. Tangu hapo ufagio ukapata mtu mwingine.

Kazi ilimgusa rohoni miaka miwili iliyopita. Mavi yaliyomwagwa uani yakiwa moto yaliganda yakawa mwamba, lakini yakishapoa yalimomonyoka yenyewe na kuwa unga. Daktari anaeleza kwamba chembe zake hubadilika umbo zinapopoa, zikavimba na kuupasua mwamba kutoka ndani. Upepo uliubeba unga huo hadi nyumba za wafanyakazi nyuma ya ukuta. Ya kwake iko safu ya tatu.

"Natoka kuyachunguza kazini, nafika nyumbani nayakuta kwenye shuka," anasema. Binti yake wa mwisho alikohoa kiangazi kizima.

Dawa ya kuzuia hali hiyo ilikuwepo, ila bei yake iliwashinda wakubwa wa kiwanda. Walishaanza kuzungumzia kuufunga utafiti wa Daktari wa kutafuta dawa ya bei nafuu.

Ndipo asubuhi moja akakuta vidonge sita kwenye trei. Vitano vilikuwa unga. Cha sita kilikuwa kizima, kigumu, kinang'aa. Furaha ikamjaa, kisha ikamwisha ghafla alipokumbuka kwamba kabla ya kusaga sampuli ile hakukisafisha kinu. Kwa mtu wa maabara, kosa hilo linatosha kumwondoa kazini. Angeweza kukitupa kidonge na kunyamaza. Alikwenda kugonga mlango.

"Daktari, nimekosea. Kinu kilikuwa kichafu."

Daktari alikigeuza kidonge kiganjani. "Ulikuwa umesaga nini kabla yake?"

"Chupa, za jaribio lingine."

Wiki hiyo hawakukaa chini. Walichoma michanganyiko sitini na mmoja, unga wa chupa ukizidi hapa, ukipungua pale, na yeye akiandika kila kilichokaa imara na kila kilichomomonyoka.

Mwezi uliopita kiwanda kikakubali kujaribu. Magunia ya chupa zilizosagwa yalimwagwa ndani ya chungu kikubwa chenye tani kumi na nne za mavi yanayochemka, kikamiminwa uani. Siku mbili baadaye, wakubwa wakiwa wamesimama na kofia zao, alipewa nyundo. Alipiga. Mwamba ukalia kama kengele, na Daktari, mtu wa makamo asiyekimbilia hata chakula, akakimbia kumshika mkono.

Sasa kiwanda kinakusanya chupa mji mzima, na ripoti ya utafiti inatoka na majina mawili.

Yeye amejaza fomu ya chuo cha ufundi, masomo ya jioni, miaka mitatu. Hesabu zinamtisha, anakiri, lakini kitabu cha kwanza ameshakinunua na kurasa zake za mwanzo zimeshachakaa.

"Kuona, ninaona," anasema, akirudisha uso wake kwenye kioo cheusi. "Nataka siku moja nisimame mbele ya watu, nieleze mwenyewe kwa nini."