Siku Niliyomwambia Ba Kuhusu Kikopey

Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya nyasi zilizokauka, kisha jua likitoka ghafla, kuna harufu inayopanda kutoka ardhini: udongo, samadi, na majani yaliyokanyagwa na kwato. Siku hizi naishi Nakuru mjini, kwenye ghorofa ambalo hata kuku haruhusiwi, lakini harufu hiyo ikinifikia kutoka upande wa Njoro, nasimama dirishani kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Na anayenijia kwanza akilini si mama, wala si ng'ombe wetu. Ni Ba.

Ba alikuwa nyanya wa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa mjini. Kwao nyanya huitwa Ba, nasi tulimwita hivyo hivyo, hata mama yangu. Hakuwahi kutia nyama wala yai mdomoni tangu azaliwe. Baba yangu, ambaye kwake mboga ilikuwa kitu cha kusindikizia nyama, hakulielewa jambo hilo kamwe. "Mtu ana duka zima," alikuwa akisema, "na anakula dengu kwa hiari yake!"

Lakini maziwa Ba aliyapenda. Siku ya kwanza alimuuliza mama maswali mawili tu.

"Ng'ombe wako anaona jua?"

"Ananishinda mimi, Ba."

"Na ndama?"

"Ndama ananyonya kwanza. Mimi nachukua anachoniachia."

Ikawa basi. Ng'ombe wetu watatu walishinda malishoni wakizurura watakavyo, na kila Jumamosi mimi na mama tulimpelekea Ba maziwa. Alinikalisha jikoni kwake, akanimiminia chai nzito yenye iliki, naye akanywa yake polepole, macho ameyafumba, kama mtu anayesali.

Nilikuwa na miaka tisa ng'ombe wetu Nyota alipozaa dume. Nilimpa jina la Mheshimiwa, kwa sababu alitembea kitumbo mbele na hakumpisha mtu njia. Alinyonya vidole vyangu hadi vikakunjamana kama vya bibi mfua nguo. Alikula kurasa mbili za daftari langu la hesabu, na nilipomwambia mwalimu, nilichapwa kwa uongo ambao sikuusema.

Jumamosi moja nikawa namsimulia Ba habari za Mheshimiwa, naye anacheka, ushanga wake unatikisika. Akauliza, "Akikua atatoa maziwa mengi kama mama yake?"

Niliona ni swali la kuchekesha sana. "Ba! Huyo ni dume! Dume akinona anapelekwa Kikopey."

Hakuna mtu wa Nakuru asiyejua Kikopey. Ndiko magari ya barabara kuu yanakosimama watu wale nyama choma. Nilihisi kidole cha mguu cha mama kikinikanyaga chini ya meza, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Ba aliweka kikombe chini. Akamtazama mama.

"Ni kweli?"

Mama angeweza kusema mtoto anacheza. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa, hata mimi niliuona. Akafunga kifuniko cha mkebe wa maziwa, akasema, "Ni kweli, Ba. Hukuniuliza, nami sikukwambia. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na mara nyingine anazaa dume."

Chai ya Ba ikapoa mbele yake, ikafanya utando juu.

Njiani nililia. Nilijua nimempotezea mama mteja wake bora. Mama akanishika bega. "Umesema ukweli, Chebet. Lakini ukweli nao hubisha hodi. Wewe umeuingiza kupitia dirishani."

Kufika nyumbani nikagoma. Nikatangaza kwamba sinywi maziwa tena mpaka Mheshimiwa ahakikishiwe maisha yake. Baba aliweka kijiko chini. "Mtoto wa Kikalenjin amekataa maziwa! Nani ataniazima simu nimuite daktari?" Nilikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, siku tatu, nimekunja uso. Siku ya nne mama akafungua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, karibu na ugali wa moto, na mgomo ukaishia hapo. Nilikunywa vikombe viwili, nikamwomba Mheshimiwa msamaha baadaye.

Jumamosi iliyofuata hatukwenda mjini. Mama alisema, "Tumpe nafasi." Lakini kabla ya saa kumi gari jeupe likaingia kwetu likiyumba kwenye matope. Ba alishuka, mwanawe akimshika mkono, sari ameikunja hadi vifundoni na miguuni amevaa gambuti za mjukuu wake wa kiume.

"Nimekuja kuona," alisema.

Mama alimpa kiti cha kukamulia na kuendelea na kazi. Ba akaona yote: Nyota akitoka malishoni mwenyewe, ndama akinyonya hadi mkia ukacheza, mama akiacha chuchu moja bila kuigusa. Mheshimiwa alimwendea mgeni moja kwa moja, akashika ncha ya sari, akaanza kutafuna. Mwana wa Ba alipiga kelele. Ba alicheka mpaka akajifuta macho, na sikujua kama machozi yalikuwa ya kicheko peke yake.

"Mama Chebet," alisema mwishowe, "huwezi kuwaweka wote?"

"Angalia shamba lilivyo, Ba. Nikiwaweka madume wote, mama zao watakula nini?"

Ba akatikisa kichwa polepole. "Nimesema maisha yangu yote, mimi sidhuru mnyama. Kumbe sikuwa nimeuliza mpaka mwisho." Kisha akasema, "Watoto kwangu wataendelea kunywa maziwa yako. Hakuna mazuri kuliko haya. Mimi, basi, sinywi tena. Usidhani nimekasirika. Mwingine angenidanganya."

Mama alimfungia maziwa kama kawaida. Wakashikana mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi.

Mheshimiwa hakwenda Kikopey. Mama alimpeleka kwa mjomba wangu wa Ndabibi aliyehitaji dume la kulima, na sikuwahi kumsikia akieleza kwa nini. Dume aliyezaliwa baada yake alikwenda. Sitawaficha.

Siku hizi vijana wana majina ya mambo haya. Huyu hali nyama lakini anakunywa maziwa ya ng'ombe wa malisho huru. Yule hagusi hata asali. Nawasikia wakibishana, na kila mmoja ana hoja. Ba hakuwa na jina la alichokifanya, na hakumtaka mtu mwingine akifanye.

Tuliendelea kumtembelea kila Jumamosi kwa miaka. Aliendelea kunipikia chai ya maziwa, akiikoroga na kuinamia mvuke wake kwa muda. Na tangu hapo akaanza tabia moja: alinipa kijiko kwanza, akaniuliza, "Onja, mtoto. Iko sawa? Sukari imetosha?" Nilidhani uzee umemwingia, amesahau vipimo. Nilikuwa mama wa watoto wawili, nimesimama juu ya sufuria yangu mwenyewe, nilipotambua kwamba aliniuliza mimi kwa sababu yeye alikuwa hawezi tena kujua.