Mkwe Niliyemnyima Usingizi

Sawa, nakoroma. Jambo hili nimelikana kwa miaka mingi, mbele ya watu wengi, tena wengine wa kuaminika kuliko mimi. Marehemu mume wangu alilisema mara tu tulipooana, nikamjibu ni bati linalia kwa baridi. Akalisema tena tulipohamia Shanwe, nikamjibu ni panya. Na amefariki (Mungu amrehemu) akiwa hajashinda kesi ile. Basi leo ninakubali, na nitawaeleza kwa nini, ingawa hata ninavyoandika hapa masikio yanawaka moto.

Aibu yangu ilianza na ukarimu, tena ukarimu wa kujionyesha.

Nyumba yangu, kama nyingi za mtaani kwetu, imejengwa kwa awamu, na awamu ya dari iliishia chumbani kwangu. Chumba hicho kina dari, pazia zito, zulia na kabati lililoshiba nguo, yaani sauti ikizaliwa humo inafia humo. Vyumba vingine kuta zake zimeishia kwenye linta, juu ni mbao za kenchi na bati tupu, kwa hiyo ukikohoa stoo, mtu wa sebuleni anakwambia pole.

Ndipo wakaja wageni kutoka Kasansa: Mzee Masanja, mfugaji mpole mwenye kofia ya pama asiyoivua, na dada yake, shangazi Mbuke, ambaye hana upole wowote. Walikuja kumposa binti yangu Editha kwa ajili ya kijana wao Kulwa. Editha ni muuguzi kule Kabungu, Kulwa ni afisa mifugo hukohuko, na siku hiyo wote wawili walikuwa kazini, kwani mambo haya wanaongea wakubwa. Kaka zangu waliongea na wageni mpaka jioni, kila kitu kikaenda vizuri, kaka zangu wakaaga, wageni wakabaki kulala. Kilichobaki ni siku ya harusi tu, ambayo Mzee Masanja alisema ataitaja asubuhi kwenye chai.

Sasa shangazi Mbuke, wakati wa kula, akasema kwa kupita tu kwamba usingizi wake ni mwepesi. Angemwambia mtu mwingine angepewa pole. Mimi nilikuwa nimesoma makala ndefu kuhusu kelele na usingizi, nikampa makala yote. Nikamweleza kwamba sakafu ya saruji na bati tupu vinarudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira, na kwamba mwili unasikia kelele hata kama wewe hukuamka, unaamka asubuhi umechoka na hujui ni nani wa kumlaumu. "Kwa hiyo utalala chumbani kwangu," nikahitimisha, "chenye dari." Mzee Masanja nikampa chumba cha Editha, na mimi nikajitupa stoo, pembeni ya chumba hicho, kwenye godoro lililobanwa katikati ya magunia ya mpunga, chali, maana nafasi ya kugeuka ubavu haikuwepo.

Usiku huo nilishtuka mara kadhaa kwa mngurumo. Kila nikishtuka, unakatika. Nikajua moja kwa moja ni mashine ya kukobolea mpunga ya jirani yangu, Baba Siwema, na nikalala tena nikiwa na hasira, ninapanga maneno ya kumwambia.

Asubuhi shangazi Mbuke alitoka chumbani kwangu amenawiri kama bibi harusi mwenyewe. Mzee Masanja nilimkuta kwenye kiti cha barazani, kofia imeshuka, macho mekundu.

"Mmelalaje, wageni wangu?"

"Tumelala, mayu," akasema Mzee Masanja (mayu ni mama kwa Kisukuma, na alilitamka kama mtu anayetoa rambirambi).

"Usinifiche, mkwe. Ni ile mashine ya jirani, siyo?"

Akatazama kikombe chake. "Mashine?"

"Mashine gani hiyo," akadakia shangazi Mbuke, ambaye alikuwa ameenda chooni usiku na kusikia, "inayonguruma, inanyamaza kama imekata roho, halafu inapiga mluzi?"

Ndugu zangu, hapo ningejiongeza. Mtu mwenye digrii angejiongeza. Mimi nikasema, "Hiyohiyo!" nikajifunga khanga vizuri na kutoka, kwa sababu nilitaka wakwe waone kwamba mama wa Editha si mtu wa kuchezewa.

Ilikuwa Jumapili, watu wanatoka misa ya kwanza, na kwa Baba Siwema kulikuwa na kundi limekaa juu ya magunia yake. Sikungoja hata kusalimia. Nikamwambia ana roho mbaya, anakoboa usiku kucha, nyumbani kwangu kuna wakwe, ugeni mzito, na usingizi ni haki ya kila mtu. (Hiyo ya haki niliirudia, maana niliona watu wananisikiliza vizuri. Kumbe walikuwa wanasubiri.)

Baba Siwema akanivumilia mpaka nikamaliza. "Madamu, karibu uione mashine yenyewe."

Nikaingia. Palipokuwa na mota pamebaki boliti nne na mafuta sakafuni.

"Mota iko kwa fundi tangu juzi," akasema. "Hawa unaowaona hapa wamekuja kuchukua mpunga wao, wanahamia kwingine."

"Sasa huo mngurumo?"

Akamtazama mke wake. Mama Siwema akajifunika mdomo kwa upande wa kitenge. "Madamu, huo mngurumo usiku tumeusikia ukitoka kwako. Dirisha la stoo yako si ndio hili limetuelekea? Jana tumeambiana, madamu naye kafunga mashine, anatumalizia wateja."

Walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye gunia. Nikageuka nitafute njia, na nyuma yangu, kofia kifuani, alikuwa amesimama Mzee Masanja. Alikuwa amenifuata ili mkwe wake asigombane peke yake.

"Mzee," nikamwambia, "ulijua?"

"Mayu, kwa mila zetu mimi kikombe cha mkwe wangu tu sikigusi. Usingizi wako nitausikilizaje? Nilitoka nikakaa barazani mpaka kulipokucha."

Chai iliyobaki ilinywewa kwa heshima na haraka. Siku ya harusi haikutajwa. Walipokuwa wanaondoka nikauliza kwa mzunguko, na Mzee Masanja akasema, "Tutapiga simu," maneno ambayo mtu yeyote aliyewahi kuomba kazi anajua maana yake.

Simu haikuja. Aliyepiga ni Editha, analia: "Mama, umeikoromea harusi yangu! Kulwa ameitwa nyumbani, wanakaa kikao cha ukoo!" Nikamwambia hakuna ukoo unaovunja posa kwa sababu ya kelele, nikakata, kisha nikaweka simu chini ya mto ikirekodi nikalala. Asubuhi nilisikiliza. Nilidhani simu imeharibika. Halafu nikasikia ule mluzi, nikakaa kitandani mkono kichwani, nikamkumbuka mume wangu na subira yake yote. Nimeapa tangu siku hiyo: mgeni akija, hata awe askofu, chumba chenye dari nalala mimi, tena ubavu, na mlango nimefunga.

Mzee Masanja alipiga nikiwa sokoni ninachagua nyanya.

"Mayu, tumekaa kikao. Wazee waliuliza jambo moja tu: je, hili ni la ukoo? Binti naye anakoroma? Maana nyumba atakayohamia haina dari."

"Mzee, Editha hajawahi..."

"Ngoja, mayu. Kulwa alisimama mwenyewe, mbele ya wazee wote. Akasema, Editha hakoromi hata kidogo. Akasema anaapa."

Nilishika meza ya nyanya kwa furaha. "Mungu ambariki kijana huyo! Amesema kweli!"

"Wazee wakafurahi sana. Wakapiga na makofi." Akakohoa. "Ndipo shangazi yake akamuuliza: wewe umejuaje?"

Mama wa nyanya alikuwa ananiuliza kama naongeza fungu jingine.

"Kwa hiyo siku tumeshaitaja," Mzee Masanja akaendelea polepole. "Padri akimaliza tu kuwatangaza kanisani, wafunge. Tusingoje mavuno. Mayu? Upo, au umelala?"

"Nipo, mkwe," nikasema. "Nipo macho kabisa."