Ya Banda na Ya Kupanda

Mashine niliyoibeba kutoka kwa mjane mmoja mbele ya Cheptiret ndiyo pekee ambayo hakuwa anaiuza. Nililipa, nikafunguliwa lango mchana kweupe, na bado niliondoka na kitu kisicho changu. Chanzo ni herufi moja. Dukani kwangu wako watu ambao wanakisimulia kisa hiki kama kichekesho hadi leo, na siwezi kuwalaumu, maana ni mimi niliyewafundisha kucheka.

Duka lenyewe ni la mbegu na dawa za mifugo, hapa mjini Eldoret. Watu huniita daktari, cheo nilichopewa na rafu za chupa zilizo nyuma yangu. Nyumbani ni Yamumbi, ambako nina kishamba, na mwaka jana kishamba hicho kilinitia wazimu wa kununua trekta. Nikisema trekta usifikirie yale majitu yanayolima ngano. Langu ni dogo, limetumika Japani mpaka likachoka, na mke wangu huliita "katrekta" kwa sauti ile ile anayomtajia mbwa wa jirani.

Shida ya trekta dogo ni vyombo vya kufunga nyuma yake. Uasin Gishu imejaa plau na haro kuukuu, zimelala nyuma ya nyumba za watu zikiotewa na nyasi, lakini ni za matrekta makubwa. Ukifunga moja ya hizo kwa langu na kujaribu kuiinua, magurudumu ya mbele ndiyo yanayoinuka. Kwa hiyo nikawa mtu wa kuulizauliza. Mteja akija kununua chanjo ya kuku, kabla sijampa namuuliza kama kwao hakuna chuma kidogo kilichokaa bure. Hivyo ndivyo nilivyopata haro, imeliwa na kutu hata rangi yake haijulikani. Niliipeleka kwa mafundi wa jua kali, tukabadilisha beringi, tukanyoosha mkono uliopinda, tukaipiga rangi ya buluu. Siku ilipoanza kuvunja madongoa pale Yamumbi nilisimama kando nikitabasamu peke yangu. Mtu akishafufua chuma kimoja hujiona anaweza kufufua vyote, na mimi sasa nilitamani planta, mashine ya kupanda mahindi, ndogo, ya mistari miwili.

Hapa lazima niseme kuhusu mdomo wangu. Mimi ni mwigaji. Mteja akitoka tu, naweza kumrudisha dukani kwa sauti, na waliobaki wakacheka hadi wakasahau walichofuata. Niliyependa kumwiga zaidi alikuwa mzee mrefu kutoka upande wa Cheptiret, aliyevaa koti zito hata jua likiwaka. Kwa miaka alikuwa akija kununua dawa ya kupe. Sasa, kwa wengi wa majirani zetu wenyeji, p na b huingiliana, k na g vivyo hivyo, hata t na d. Mlango ukishafungwa nyuma ya mzee, mimi hujinyoosha, napandisha kola, nasema, "Taktari, nibatie tawa ya gube." Duka zima linaangua kicheko, wenyeji wenzake wakiwemo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikuwa namwiga hata siku ambazo hakuja.

Mke wangu alinikumbusha mara nyingi kwamba mimi mwenyewe, mtu wa kutoka Central, nikitaka shati huitisha chati, na kwamba nikimwambia mtoto alale, mtoto husikia arare. Nyani haoni kundule. Nilimjibu kwamba watu wengine wana mdomo tu, lakini mimi nina sikio.

Mzee yule alifariki. Habari nilizipata dukani, nikasikitika, lakini mazishini sikwenda. Nikaendelea kumwiga.

Mwezi wa Februari mteja mmoja akaniambia kwamba mjane wa mzee ana vyombo viwili vya trekta dogo, na kwamba kimoja anakiuza. Nikampigia simu. Mama alikuwa Timboroa kwa binti yake, akiuguza goti lililopasuliwa. Maneno yake nayaandika kwa tahajia ya shule, kwa sababu nimeshachezea sauti za nyumba ile vya kutosha.

"Niko na mbili," alisema. "Ya banda chukua. Hiyo ingine ni ya mzee, wachana nayo."

Ndivyo alivyosema. Mimi nikasikia "ya panda", nikajua ni ya kupanda, amekata tu ile ku- ya mwanzo kama watu wanavyokata. Kuuliza si ujinga, lakini mwenye sikio atauliza nini? Nilituma pesa siku hiyo hiyo, kabla hajabadili nia.

Nilikwenda na pikapu ya kukodi. Jirani aliyeachiwa ufunguo alinifungulia lango, akarudi kwa ng'ombe wake. Vyombo vilikuwa viwili kweli. Ndani ya banda la ng'ombe kulikuwa na plau ndogo, kuku wamelala juu yake na kuiacha walivyoiacha. Nje, kando ya ukuta wa nyumba, chini ya bati lililogandamizwa kwa mawe, kulikuwa na planta. Mnyororo wake ulikuwa umepakwa grisi, na sahani za mbegu zimefungwa ndani ya gunia safi. Nilishangaa kidogo kwamba inayouzwa ndiyo iliyotunzwa hivyo, na inayobaki imeachiwa kuku. Nilishangaa hivyo hivyo nikapakia.

Nyuma ya planta ile palikuwa na kibao cha chuma, kimechomelewa na mtu ambaye hakuwa fundi, na juu yake bomba la kushikilia, limeviringishwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kilikuwa kitu kibaya cha kutazama. Kule jua kali fundi aliniuliza kama tukiache. Nikamwambia planta si basi, haina haja ya konda. Akacheka, akachukua grenda, akakikata chote, bomba na kibao. Tukaweka mipira mipya ya kushushia mbegu, tukapiga rangi ya buluu ifanane na haro yangu. Picha yake niliionyesha kila aliyekuja dukani.

Mawingu ya Machi yakaanza kukusanyika, na duka likajaa watu wa mbegu. Asubuhi moja simu ikalia, nikaona ni Mama. Nikawakonyeza wateja, nikaweka spika. Katika yote niliyoyafanya, hili la spika ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu halikuwa kosa la kusikia. Nilitaka wamsikie ili wacheke.

"Daktari," alisema, "umebeba ya kupanda."

"Ndiyo, Mama. Asante sana. Ni mashine nzuri."

"Nilikuambia ya banda."

"Ndiyo, Mama, ya panda," nikasema, nikiivuta sauti yake kidogo kwa ajili ya waliokuwa kaunta. Wakacheka. Kicheko kile kiliingia kwenye simu, najua kiliingia. Mama sasa aliongea polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Daktari. Ile ya nyumba ya ng'ombe."

Mwanamke mmoja pale kaunta, ambaye alikuwa amecheka na wenzake, akainamisha kichwa na kujifanya anasoma karatasi ya mbegu. "Banda," alisema bila kuniangalia. "Amekuwa akikuambia banda." Nikazima spika, na masikio yangu yalikuwa moto kama niliyezabwa kofi.

Sisi tuliotoka Central tumekaa na watu hawa, tumeuziana, tumezikana, na tumepita pia miaka ya machafuko ambayo hatupendi kuitaja. Kuna neno moja, mwizi, ambalo mtu kama mimi huomba lisifuatane naye barabara ile ya Cheptiret. Nililisubiri neno hilo. Mama hakulitamka. Alisema mvua iko karibu, nimrudishie planta apande. Mkwe wake atakuja na trekta. Yeye atasimama nyuma kama alivyosimama miaka yote, mzee akiendesha na yeye akiangalia mbegu zisikwame. Kisha akaongeza neno moja, la kawaida kabisa kwake.

"Hii goti nimetengeneza juu ya hiyo, ndio nisimame tena."

Nilimwambia ndiyo, Mama, nitaileta. Kuhusu kibao sikuweza kusema chochote. Nilifunga duka na watu wakiwa bado wanataka mbegu, nikaenda jua kali mbio. Fundi alinitazama kana kwamba nimeulizia maji ya jana. Mabaki ya vyuma yalikuwa yameshachukuliwa na watu wa chuma chakavu. Nikamwagiza atengeneze kibao kingine, cha bati nene lisiloteleza, na bomba jipya. Alifanya kazi nzuri. Kilitoka kimenyooka, kimepakwa buluu, na kila nilipokitazama nilijiona mjinga zaidi.

Nilimwomba mke wangu anisindikize. Alikuwa akichambua mboga, wala hakuinua macho.

"Mdomo ulienda peke yake," alisema. "Na wewe nenda peke yako."

Mama, aliyekuwa amesharudi kwake kutoka Timboroa, alinipokea kwa chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno ya kujitetea nilikuwa nayo, na mbele ya kile kikombe yote yakapotea. Nilimweleza kwamba nilisikia vibaya. Nikamweleza na la kibao, kwamba nilikikata, kwamba kimeuzwa chakavu, kwamba nimemtengenezea kingine. Alisikiliza akiupapasa mkongojo wake. Aliuliza kama hata zile raba za bomba zilikwenda. Nikasema zilikwenda. Akaniambia mzee ndiye aliyezifunga, kwa sababu asubuhi chuma kilikuwa kinamuuma vidole kwa baridi. Nilitamani ardhi ipasuke nijizike humo na kikombe changu.

Tulipotoka nje, planta ilikuwa imeshushwa kutoka kwenye pikapu mahali pake kando ya ukuta. Iling'aa kama kitu kilicholetwa kwa makosa. Mama akaizunguka, akaweka mkongojo chini, akapanda kibao kwa goti lile jipya, taratibu, mguu mmoja halafu mwingine. Akashika bomba. Akatazama mbele, mahali ambapo trekta lingekuwa na mzee angekuwa ameketi.

"Wanasema dukani kwako unajua kuongea kama mzee," alisema.

Nilisema ni mchezo tu, Mama, ni ujinga wa dukani. Nilisema naomba anisamehe. Hakugeuka.

"Ongea."

Sikujua anataka kuniaibisha au anataka kumsikia. Nadhani sasa kwamba alitaka kumsikia, na hilo ndilo baya zaidi. Nilisimama mbele ya mashine, mgongo wangu ukiwa kwake, kwa kuwa sikuweza kumtazama. Sikupandisha kola. Nikasema ile sentensi ya dawa ya kupe, ambayo nimeisema mara zisizo na hesabu na haijawahi kukosa kicheko.

Waliosikika ni kuku tu.

"Rudia."

Nikarudia, kwa sauti ya chini, nikijaribu safari hii kumkumbuka kweli. Nilikumbuka koti. Nilikumbuka urefu wake mlangoni. Sauti niliyoipata ilikuwa ile ile yangu ya kila siku. Nilipogeuka, Mama alikuwa amekaza macho, kama mtu anayesubiri simu ishike mtandao. Kisha akaacha.

"Huyo si yeye," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyeletewa ng'ombe wa jirani akaambiwa ni wake.

Akashuka, nami nikampa mkono ashukie. Akaita jirani tusaidiane kuitoa plau bandani. Nilikataa, nikamwambia abaki nayo, na pesa abaki nazo. Akasema alichouza ameuza, na kwamba mtu hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu kutoka kwake. Tuliipakia na uchafu wake wote wa kuku. Alisimama langoni mpaka pikapu ikashika barabara.

Mvua ilikuja vizuri. Niliambiwa Mama alipanda shamba lake, na kwamba bomba alilifunga kitambaa. Plau iko Yamumbi, nyuma ya nyumba. Inalima, lakini sijaikwangua wala kuipiga rangi, na mke wangu hajaniuliza kwa nini.

Wiki iliyopita mteja wa zamani, mtu mcheshi, aliegemea kaunta akaniambia, "Daktari, hebu mlete yule mzee wa kupe." Nikasema siwezi. Akadhani ninajidai, akasisitiza, na wengine wakageuka kusubiri, meno nje tayari. Nikamwambia ukweli, kwamba mzee yule alikuja hapa miaka yote ile na mimi sikuwahi kumsikia.