Vikombe vya Mwalimu Hashil

Mtaani Malindi, Unguja, nyuma ya bandari, hakuna aliyesifika kwa Kiingereza kama Mwalimu Hashil Msabah, na hakuna aliyewahi kumsikia akikizungumza. Mambo haya mawili yalikaa pamoja miaka kumi na minane bila kugombana, kwa sababu watu wa mtaa ule wamelelewa.

Zamani alikuwa karani wa shehena, akiandika idadi ya magunia na majina ya meli. Alipostaafu aliondoka na maumivu ya kiuno na kamusi nene ya Kiingereza ambayo nahodha mmoja aliisahau ofisini. Aliisoma kwa miwani na rula, mstari kwa mstari, mpaka herufi ya saba, akakutana na neno "get". Hapo akakwama, na kukwama kwake kukawa ndiyo shule.

Neno lenyewe halina mwisho. Mwingereza, alivyoeleza Mwalimu, akiinuka kitandani ni hilo, akioa ni hilo, akishikwa na mafua, akifika mjini, akifahamu mzaha, akikasirika, akilipiza kisasi, akizeeka, yote ni hilo hilo moja. Analivaa harusini na matangani kama mtu mwenye kanzu moja. Mwalimu aliwahurumia kwa ufukara huo. Sisi, alisema, kila jambo lina neno lake, na mengine yana mawili ya akiba. Alizikusanya maana hizo kwenye madaftari, akazipa namba, akafika thelathini na moja, mbali na zile alizozitilia shaka.

Darasa lilikuwa ukumbini kwake baada ya sala ya alasiri, mlango wazi ili wapitao njia wafaidike kwa kusikia. Wanafunzi waliimba maana moja baada ya nyingine, na neno haliachwi mpaka limalizike. Lilikuwa halijamalizika bado. Aliyeanza Ramadhani, ikifika Mfunguo Tatu, miezi mitatu baadaye, angeweza kukueleza kwa ufasaha namna Mwingereza anavyozeeka, lakini maji ya kunywa asingeweza kuyaomba.

Ajabu ni kwamba wanafunzi hao walipata kazi. Ukienda hoteli za Nungwi, ukienda kwa wauza tiketi za boti, ukienda kwa watembeza wageni, utawakuta, na wote watakwambia wamesoma kwa Mwalimu Hashil. Mwenyewe hakushangaa. Aliona kwamba mtu akishalimeza neno gumu kuliko yote, mengine yanamfuata kwa hofu.

Sharti lake lilikuwa moja tu. Darasa likimalizika, kila mwanafunzi kwa zamu yake abaki aoshe vikombe vya kahawa uani, chini ya macho ya mkewe, Bi Radhiya. Adabu kwanza, Kiingereza baadaye. Vikombe vilikuwa sita, na kuviosha kulichukua saa nzima, mara nyingine zaidi. Mwalimu alilalamika barazani kuwa vijana wa siku hizi mikono yao mizito, na sabuni wanaimaliza. Bi Radhiya mwenyewe kila asubuhi, mwaka wa kumi na mbili sasa, alikwenda Shangani kuwapikia chai wageni katika nyumba moja ya kulala wageni, na alichokijua mumewe kuhusu kazi ile ni kwamba wazungu wanakula mayai kabla hayajaiva.

Ama wazungu wenyewe, Mwalimu hakuwahi kukutana nao uso kwa uso, na hilo alilihesabu kuwa bahati. Kila mgeni aliyepotea njia akakaribia baraza, jambo lilitokea. Mara ataitwa ndani haraka, mara mtu atamkumbusha kuwa anasubiriwa msikitini, mara Kheir muuza kahawa atasimama katikati na birika lake na kumpeleka mgeni bandarini kwa mkono, akimwelekeza kwa vidole na meno. Mwalimu hurudi akakuta mgeni keshaondoka, akasikitika kwa sauti kuwa amekosa nafasi ya kuzungumza. Wenzake wakasikitika naye.

Basi mwaka huu alikuja Sichana, binti wa Tumbatu, mpwa wa jirani yao, ana miaka ishirini na mbili. Baba yake hayupo tena duniani, mama yake macho yameingia ukungu, na wadogo zake watatu wanamtazama yeye. Alisoma miezi minne, akafika maana ya ishirini na sita, na vikombe aliviosha kuliko mtu yeyote kabla yake. Hoteli mpya upande wa Fumba ikamwita kwenye usaili wa kazi ya mapokezi. Alipeleka barua ya Mwalimu yenye mhuri, kama walivyopeleka wenziwe. Ila meneja wa pale alikuwa mama wa Kizungu aliyekwisha kuajiri wanafunzi watatu wa Mwalimu huyo huyo, na akaingiwa na hamu. Akaagiza Sichana aje na mwalimu wake.

Usiku ule Mwalimu hakula. Akienda, atasemeshwa, na mhuri wake utageuka kichekesho na Sichana atarudi Tumbatu mikono mitupu. Asipoenda, Sichana ataulizwa yuko wapi huyo mwalimu, na mwisho ni ule ule. Bi Radhiya alimwambia presha yake haiko sawa, hiyo Fumba ni mbali, atatuma udhuru. Kheir alijitolea kuapa kuwa amemwona Mwalimu akianguka. Mtaa mzima ulikuwa tayari kumuugulia. Mwalimu akatamani kukubali, akaona aibu mbele ya yule binti, akasema atakwenda.

Walipokaribishwa ofisini, meneja alimpa mkono, akamtazama kwa heshima kubwa, akamuuliza swali refu. Katikati ya swali Mwalimu akalisikia neno lake. Akalijua mara moja. Akaanza kuzijaribu maana, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtu mwenye kishada cha funguo mbele ya mlango mmoja, na alipofika ya kumi na tano yule mama alikuwa amenyamaza zamani na bado anatabasamu. Jasho lilimteremka ndani ya kanzu.

Sichana ndiye aliyesema. Alisema taratibu, macho chini, kwa Kiingereza kilichotiririka mfululizo bila kutafuta neno. Meneja akasikiliza, akanyanyuka kitini, akaweka mkono kifuani na kumwinamia Mwalimu. Kisha wakaendelea wawili wao nusu saa. Wakacheka. Sichana aliulizwa, akajibu, akauliza na yeye. Mwalimu alikaa pembeni akimtazama. Sichana alipoeleza jambo alikunja kanga begani na kugonga meza kwa kidole kimoja, mara mbili, na Mwalimu akashtuka, maana ugongaji ule ameuona kwake miaka thelathini na nne, kwenye meza ya jikoni.

Kazi akapewa pale pale. Njiani kurudi, Mwalimu alimuuliza alimwambia nini yule mama. Sichana akajibu kuwa alimwambia kwetu mwalimu hasemi mbele ya mwanafunzi wake siku ya mtihani, isije ikasemwa kuwa alimsaidia.

"Na Kiingereza kile umekisoma wapi?"

"Kwako, Mwalimu."

"Sichana. Mimi nimekufundisha neno moja, na hata hilo hatujalimaliza."

Binti hakutaka kusema, na hakutaka kumdanganya mtu mzima.

"Nilikuwa naosha vikombe, Mwalimu," alisema mwisho.

Mwalimu alikaa akihesabu. Vikombe sita, saa nzima, miaka kumi na minane. Na miaka sita ya mwanzo, kabla Bi Radhiya hajaanza kazi Shangani, hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyepata kazi ya maana. Hilo hakuwahi kulitazama. Akakumbuka na baraza, na namna alivyokuwa akiitwa ndani kila anapotokea mgeni, na sauti iliyokuwa ikimwita. Ilikuwa sauti ile ile kila mara.

Nyumbani Bi Radhiya alikuwa amesimama mlangoni, kazi ameziacha. Mwalimu akamwambia kuwa binti kapata kazi. Bi Radhiya akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, lakini hakuondoka, akawa anangoja lililobaki. Mwalimu akakaa kitini. Alitaka kukasirika, akaitafuta hasira asiione. Alichokiona ni fedheha, na nyuma yake upendo ambao katika umri wake hakujua autamke vipi, kwa lugha yoyote.

"Vile vikombe sita, Bi Radhiya," alisema. "Miaka yote hii vinaoshwa na watoto wa watu, mbona hakijavunjika hata kimoja?"

Bi Radhiya akamtazama, akajua kuwa anajua.

"Nnavitazama, Mwalimu," akasema. "Nikuletee chai?"

Akaletewa chai, na jambo lile halikutajwa tena baina yao. Barazani Mwalimu aliulizwa habari za Fumba, akasema ni nzuri, wenzake wakasema alhamdulillahi, na Kheir akammiminia kahawa bila kumtazama usoni.

Siku ya pili alikuja mwanafunzi mpya, Rahila, mwanamke mtu mzima wa Chwaka aliyechoka kulima mwani. Alifika kabla ya wenzake. Akamsalimia Mwalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi mkekani, akafungua daftari jipya na kuinua kalamu. Mwalimu alikuwa na kamusi mapajani, imefunguliwa pale pale pa siku zote. Aliitazama kidogo, kisha akaifunga.

"Anzia uani," alimwambia. "Vikombe kwanza."

Rahila akachungulia ndani. Vikombe vilikuwa vimepangwa kwenye sinia, sita, vyeupe, vikavu, na hapajanywewa kahawa tangu asubuhi.

"Mbona visafi, Mwalimu?"

"Vioshe hivyo hivyo," akasema Mwalimu Hashil. "Na usifanye haraka."