Jumamosi za Kujitolea

Siku ya kwanza kazini nilipewa aproni ya kijani yenye jina la mtu mwingine kifuani. Supaviza wetu, Protus Mulama, aliniambia nisilibandue lile jina, nivae tu hivyo hivyo, kwa sababu yangu bado inashonwa Kisumu. Kwa hiyo mwanzoni watu waliniita Consolata, na mimi nikaitika. Jina langu ni Beatrice Nekesa. Nilisoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo. Haya ninawaandikia vijana ninaowaona siku hizi wamepanga foleni pale pale nilipopanga mimi, kwenye ngazi za ofisi iliyo juu ya duka la mabati, Kakamega mjini. Nitataja majina. Waliotenda wana majina, na mimi sina tena kazi ya kupoteza.

Kampuni yenyewe iliitwa Mkono Mmoja Ajira. Walijiita kampuni ya rasilimali watu. Kwa lugha ya kawaida, wao wanakuandika kazi, halafu wanakukodisha kwa wengine. Huko unakokodishwa kunaitwa kwa mteja. Mteja akikuchoka hakufukuzi. Anapiga simu, na wewe unarudishwa ofisini kungoja mteja mwingine, na ukiwa unangoja hupati kitu. Hiyo waliiita kupumzishwa. Nimeona watu wazima wakilia kwa sababu ya kupumzishwa.

Kazi yangu ilikuwa usafi, na usafi una kanuni zake. Protus alinifundisha vizuri, hilo sitamnyima. Ndoo nyekundu ni ya choo na ya buluu ni ya ofisi, na ole wako ukizichanganya. Mopu huisukumi mbele kama jembe. Unarudi nayo kinyumenyume ukielekea mlangoni, usije ukakanyaga ulipopiga. Wodini unaanza na palipo safi na kumalizia na palipo pachafu, la sivyo utamchukulia mgonjwa mmoja ugonjwa umpelekee mwingine. "Na usionekane," Protus aliniambia. "Mtu wa usafi akionekana, mteja anajua kuna shida."

Nilianzia kwenye ofisi za chuo, nikapelekwa benki, mwishowe nikapelekwa hospitali moja ya binafsi. Hapo ndipo nilipokutana na Jared Shikanga, aliyekuwa akikata nyasi na kupunguza ua. Tuliandikwa na kampuni moja, kwa hiyo chai tulikunywa pamoja nyuma ya jenereta. Alikuwa mtu wa maneno.

"Mama Ivan," angesema, "leo sakafu umeipiga mpaka nimejiona nilivyo mbaya."

"Si sakafu, Baba Metrine. Hata jana ulikuwa hivyo."

Meneja wa tawi wa kwanza alikuwa mzee mpole ambaye hakujua mambo ya sherehe. Alipostaafu akaletwa Wycliffe Amukoya, na Amukoya akaja na picha. Kila mwezi picha ya mtu mmoja ilibandikwa ukutani ofisini chini ya maandishi Mfanyakazi Bora wa Mwezi. Afisa wa mahusiano, Madam Lydia Vihenda, ndiye aliyepiga hizo picha na kuzituma kwa wateja. Mimi nilidhani wanaangalia sakafu. Nikang'arisha sakafu ile mpaka madaktari wakaniogopa, na sikupata picha. Baadaye nikaelewa kwamba kilichokuwa kikiangaliwa ni Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa siku yetu ya kupumzika. Amukoya akaigeuza siku ya jamii. Tulifagia soko, tukapanda miti, tukapeleka unga kwa watoto yatima, tumevaa fulana nyeupe zenye jina la kampuni mgongoni. Sisemi kazi yenyewe ilikuwa mbaya. Soko lilikuwa safi, na wale watoto walikula ule unga. Lakini kwa watu wa nje ilitangazwa kwamba tunajitolea, na sisi Ijumaa jioni tulikuwa tunaambiwa hivi na Protus, tumesimama mstari:

"Kesho ni kujitolea. Mwenye hatajitolea, Jumatatu asiende kwa mteja. Akuje ofisini tuongee."

Kuongea maana yake ilikuwa kupumzishwa. Kila mtu pale mstarini alijua.

"Hata pasta wetu huniachianga nafasi ya kukataa," Jared alininong'oneza. Nikacheka, na Protus akaniangalia.

Mwaka ule Amukoya aliiingiza kampuni kwenye mashindano ya waajiri bora. Majaji wangetoka Nairobi kuja kuona jinsi kampuni inavyotambua wafanyakazi wake na inavyosaidia jamii. Akawa mtu wa kuhangaika. Miti haikuonekana kwenye picha, ilikuwa bado midogo. Akataka kitu cha kuonekana barabarani. Akapata shule moja ya msingi upande wa kwenda Butere, yenye stoo ya zamani iliyogeukia lami.

Tulipofika, mwalimu mkuu alitutoa kwenye ile stoo. Alisema ukuta ule una ufa, unangoja kubomolewa, na hata watoto hawaruhusiwi kuusogelea. Akatuonyesha darasa la nyuma linalohitaji rangi.

"Mwalimu," Amukoya akamwambia, "nikipaka huko nyuma nani ataona? Ng'ombe?"

Watu wakacheka. Ile ndiyo shida ya Amukoya, alijua kuchekesha. Mwalimu akaondoka akitikisa kichwa, akisema anaenda kumpigia mwenyekiti wa shule. Madam Lydia akasogeza ngazi karibu na ufa ili jua lisimwingie kwenye kamera. Jared akapanda na brashi, mimi nikashika ngazi. Alikuwa ameanza kuandika herufi ya kwanza ya jina la kampuni. Nikamsikia akisema, "Bosi, hii kitu inasonga."

"Maliza hiyo herufi kwanza!" Amukoya akamjibu.

Ule ukuta haukuanguka kama mti. Ulikaa chini, kama mtu aliyechoka, na ukatukalia sisi. Mimi ulinivunja mfupa wa bega. Jared ulimvunja nyonga.

Vijana, sikilizeni hapa, maana ndipo kila kitu kilipo. Mtu akiumia kazini, mwajiri ana bima ya kumtibu. Mtu akiumia katika mambo yake mwenyewe, ni shauri lake na familia yake. Daktari alisema Jared atiwe chuma haraka, mfupa ukianza kujishika vibaya hatasimama tena sawasawa. Hospitali tuliyopelekwa haikuwa na hicho chuma; ilibidi apelekwe Kisumu, na bila bima haendi. Kwa hiyo mguu wa Jared ulikuwa unangoja neno moja: kama Jumamosi ile alikuwa kazini, au alikuwa amejitolea.

Amukoya alikuja wodini na machungwa.

"Baba Metrine, pole sana. Tunawaombea ofisini. Lakini mjue bima imeuliza, na mimi nimesema ukweli. Jumamosi si siku ya kazi. Mlijitolea."

"Mimi nilijitolea lini, bosi?" Jared alisema. Jasho lilikuwa limemjaa usoni. "Mimi nilitaka kulala."

Mke wake, Agneta, alikuwa amekaa kitandani. Alichukua yale machungwa akayaweka chini sakafuni, moja moja.

Amukoya akanitoa nje, mkono wangu ukiwa kwenye kitambaa. "Mama Ivan, wewe unaheshimika. Jumatano majaji wako hapa, na mfanyakazi bora wa mwaka ni wewe. Utapewa kipaza sauti. Sema tu mlijitolea kwa mapenzi yenu."

"Na Jared?"

"Jared tutamchangia."

"Kuchangia kutafika Kisumu lini?"

"Mama." Akatabasamu. "Ivan wako si anangoja kupelekwa kwa mteja? Nimeona jina lake. Kijana mzuri."

Nyumbani sikumwambia mwanangu Ivan. Nilimwangalia akipiga pasi shati lake la kwenda kuulizia kazi.

Jumanne Madam Lydia aliniita ofisini nifanye mazoezi. Alinisimamisha mbele ya dawati, akanipa kalamu nishike kama kipaza sauti.

"Sema: Nilijitolea kwa moyo wangu wote."

"Nilijitoa kwa moyo wangu wote."

"Si nilijitoa, Mama Ivan. Nilijitolea. Kujitoa ni kuacha."

Nikarudia, nikakosea tena, na wala sikuwa nafanya makusudi. Ulimi ulikataa. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akatazama mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sema tu, mama. Hata mimi husemanga." Nilimhurumia kwa muda mfupi. Kisha nikakumbuka ni nani aliyesogeza ngazi.

Jumatano ukumbi ulikuwa umejaa. Sisi wa aproni tuliwekwa nyuma, wateja mbele, na majaji kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Ukutani walikuwa wameweka picha kubwa: Jared juu ya ngazi, brashi mkononi, anacheka. Chini yake wameandika Moyo wa Kujitolea. Huyo mtu wakati huo huo alikuwa amelala wodini na mguu umefungwa kwenye uzito, na Agneta alikuwa akimgeuza kwa shuka.

Wakaita jina langu. Nikatembea mpaka mbele. Amukoya alinipa cheti chenye fremu, nikashindwa kukishika kwa mkono mmoja, akakishika yeye. Watu wakapiga makofi. Madam Lydia akaniwekea kipaza sauti mdomoni, na nikaona midomo yake ikisema lile neno taratibu, kama unavyomfundisha mtoto.

Nilikuwa na kiu. Nilimwona Ivan moyoni, na shati lake. Halafu nikaiona ile picha.

"Sikujitolea," nikasema. "Nilitumwa."

Kipaza sauti kikapiga mluzi. Nikangoja kinyamaze.

"Na Jared Shikanga, yule hapo ukutani, alitumwa. Yuko wodini amevunjika nyonga, na amenyimwa matibabu kwa sababu wamesema alijitolea."

Amukoya akaweka mkono begani mwangu, bega lile lile bovu. "Mama bado anatumia dawa kali, jamani. Tumsamehe." Baadhi ya wateja wakacheka kidogo.

Mkuu wa majaji, mama mmoja mwenye miwani, hakucheka. "Mama, nani aliwatuma?"

"Huyu aliyenishika bega."

Mkono ukaondoka. Nikasikia feni. Amukoya alikuwa bado anatabasamu, lakini shingo ilikuwa imeloa. Akachukua kipaza sauti. "Wenzake wako hapa. Wao ndio watasema. Wote mliojitolea siku ile kwa hiari yenu, tafadhali simameni."

Nikasikia kiti kimoja. Ni Protus Mulama, amesimama, mikono nyuma. Akageuka kutazama wengine, akawafanyia ishara ya vidole, kama anavyofanya Ijumaa mstarini. Simameni.

Hakuna aliyesimama. Walikaa na aproni zao, wanatazama magoti yao. Mpaka leo sijui kama walikaa kwa ujasiri au waliogopa hata kuinuka. Hakuna aliyenitetea kwa neno. Lakini walikaa, na Protus akabaki amesimama peke yake mpaka akaona haya, akakaa.

Yule mama mwenye miwani akaandika kitu, akafunga kalamu yake. "Tuzo itangoja," akasema.

Wiki ile ile watu wa bima walikuja wodini wakamuuliza Jared mambo waliyotakiwa kumuuliza tangu mwanzo. Alipelekwa Kisumu, akatiwa chuma. Alikuwa amecheleweshwa, na mguu mmoja ulibaki mfupi. Anatembea na bakora, nyasi hakati tena. Lakini anatembea. Anaenda chooni mwenyewe, anaenda kanisani mwenyewe. Wanaodhani hilo ni jambo dogo hawajawahi kugeuzwa kwa shuka.

Mimi nilipumzishwa, na hakuna aliyekuja kuniita tena. Nikaamua kuita hivyo kustaafu. Ivan hakupata kazi pale. Alikasirika nami, tukakaa muda bila kuongea vizuri, na ana haki yake. Wycliffe Amukoya alihamishiwa tawi kubwa zaidi. Lydia Vihenda bado anapiga picha. Protus Mulama alipata picha ukutani mwezi uliofuata. Nawaandika hapa kwa sababu kwenye kuta zao wameandikwa vizuri mno.

Vijana wa pale kwenye ngazi, siwaambii mkatae kufagia soko. Fagieni. Pakeni rangi madarasa. Lakini mtu akikuambia umejitolea, jiulize ungefanywa nini kama ungebaki kitandani. Jibu la hapo ndilo litakuambia uko kazini au hauko. Na ukiombwa uliseme neno ambalo si lako, fikiria nani amelala mahali akilingoja.

Jared aliporudi nyumbani waliniita nile. Agneta alipika ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali, na baba yake Jared, mzee asiyesema sana, alikuwepo. Firigisi huku kwetu tunaiita imondo, na haiwi ya mwanamke. Ni ya mwenye boma. Agneta aliiweka kwenye sahani ya mzee kama kawaida. Mzee akaitazama, akaichukua kwa vidole, akaniwekea mimi.

"Baba, hiyo ni yako," Agneta akasema.

"Mimi nimezeeka, sijapofuka. Najua ni ya nani."

Nikasita. Jared akanisukuma kwa bakora chini ya meza. "Kula upesi, Mama Ivan. Mimi mtoto wake hajawahi kunipa."

Kuku alikuwa mgumu. Nilitafuna pole pole mpaka ile imondo ikaisha, na wao wote walikaa wamenawa mikono, wakiningoja nimeze ndipo waanze kula.