Mgeni Aliyelalia Mto wa Wifi

Wifi yangu hamuuzii mto mtu aliyesimama. Ndivyo alivyo, na ukitaka kumbadilisha anza leo, labda wajukuu zako watamalizia. Ukiingia kwenye kibanda chake cha kushonea atakuonyesha benchi refu chini ya dirisha, uvue viatu, ulale, ufumbe macho. Bei baadaye. "Mto haununuliwi kwa macho," husema, "unanunuliwa kwa shingo." Wengine hukasirika wakaenda zao. Wengine hulala kweli, na mteja aliyelala haamshwi. Nimewahi kumwona muuza nyama akikoroma pale mpaka wateja wake wakaja kumtafuta.

Mimi ni dada wa marehemu mumewe, kwa hiyo nina haki ya kumsema, na haki hiyo siiachi ipate kutu. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akichambua sufi na kuijaza mitoni, wifi akishona. Alikuwa na mambo mawili: kukoroma na kuota safari. Ndege ikipita juu ya bati alitoka nje, akaitazama mpaka ipotee, akasema, "Siku moja nitakaa dirishani mle." Hakufika hata uwanja wa ndege. Wifi alimcheka kwa hilo miaka yote ya ndoa yao. Tangu alipofariki, ndege ikipita wifi hacheki.

Kisha ikaja mito ya sponji ya kiwandani, rahisi, ya kila rangi, na biashara ya sufi ikadorora. Mwanawe mkubwa akamwambia afunge kibanda, ahamie kwake, kazi yake iwe kula na kulala. Wifi aliona ametukanwa. Mwishowe wakakubaliana kwamba mwaka ukiisha bila oda ya maana, mwana atapewa ufunguo wa kibanda. Mwaka ulikuwa umebaki mkia tu.

Ndipo serikali ya jimbo letu ilipopata mchumba. Sina neno jingine. Mkuu wa Jimbo alikuwa amekwenda nchi moja ya baridi huko mbali, akarudi na picha za kupeana mikono, na sasa upande wa pili ulikuwa unakuja kutuona kabla ya kutia saini ya kufanya biashara nasi. Kingo za barabara zikapakwa chokaa kwa haraka hata mbwa mmoja aliyekuwa amelala pale akaamka na mstari mweupe mgongoni.

Afisa biashara wa jimbo, ambaye kwa unadhifu wake tulimwita Bwana Pasi, akapita kuchagua bidhaa za kuonyeshwa ukumbini. Asali akaipenda, ngozi akaisifu. Mto wa wifi aliubonyeza kwa kidole kimoja.

"Mama, mto ni kitu cha chumbani. Hawa ni wageni wakubwa."

"Kwani wakubwa wanalalia mawe?"

Akampa pembe karibu na mlango, aweke mto mmoja. "Na tafadhali, mama yangu, usimlaze mtu."

Alfajiri ya siku yenyewe mvua ikanyesha na bati likavuja. Nilimkuta wifi amesimama katikati ya kibanda, mito yote imelowa chepechepe. Alikwenda nyumbani, akarudi amekumbatia mto wenye foronya ya maua ya buluu, nami nikautambua palepale. Kaka aliujaza kwa mikono yake mwenyewe, akaulalia mpaka siku zake za mwisho. Tangu hapo ulikuwa kitandani kwa wifi.

"Wifi, huo?"

"Nyamaza. Ni wa kuonyesha tu, jioni narudi nao."

Ukumbini, kiongozi wa wageni alikuwa pande la mtu, macho mekundu kwa uchovu wa safari. Akapita kwenye asali, akaitikia kwa kichwa. Akapita kwenye ngozi, akaitikia. Alipofika mlangoni wifi akamtazama macho yale. Bwana Pasi akakohoa. Wifi akajitia hamnazo, akavuta benchi.

"Mwambie avue viatu," akamwambia mkalimani.

Mgeni akacheka, akavivua. Soksi moja ilikuwa na tundu, sote tukatazama dari. Akalala, na kabla mkalimani hajamaliza kueleza habari ya shingo, akazama katika usingizi wa pono.

"Mwamshe!" Bwana Pasi alinong'ona, kijasho chembamba kikimtoka.

"Mteja haamshwi."

"Mama, Mheshimiwa anasubiri!"

"Basi mwamshe wewe."

Nani angethubutu kumtikisa mchumba begani? Wageni wenzake nao walisema bosi wao hajapata usingizi tangu watoke kwao, na akiamshwa hatamaniki. Ikabidi Mkuu wa Jimbo asome hotuba kwa kunong'ona. "Jimbo letu limeamka!" alinong'ona, mgeni akakoroma, tukapiga makofi kwa vidole viwili viwili.

Alipoamka aliuliza yuko wapi. Kisha akaukumbatia mto, akasema ana hoteli nyingi kwao, na vitanda vyote vinataka mito kama huu. Kontena zima kwa kuanzia. Bwana Pasi akaanza kumwita wifi "mama yetu". Saini zikatiwa palepale kwenye benchi. Halafu mkalimani akaongeza kwamba mgeni atauchukua mto huu huu uwe kipimo cha mingine yote.

Nikafungua mdomo. "Huo ha..." Wifi akanibana mkono mpaka nikaguna.

Aliuchukua mto kwa mgeni, akaupigapiga, akauweka usoni kidogo. Akaurudisha.

"Mwambie asiutie kwenye sanduku," akasema. "Ndani ya ndege auweke dirishani."

"Kwa nini, mama?"

"We mwambie tu."

Mimi nililia mle ukumbini mbele ya Mheshimiwa, sifichi. Wifi hakulia.

Siku wageni walipoondoka tulikuwa kibandani tukichambua sufi, ufunguo ukining'inia kiunoni mwake. Ndege ikapita juu ya bati. Wifi akatoka, sufi zimemjaa nyweleni, akaitazama mpaka ikapotea.

"Watajuta," akasema, akicheka. "Kaka yako atawakoromea njia nzima."

Akarudi kwenye cherehani.